Alama za Kiongozi Anazitoa Nani?

Ndugu wasikilizaji wa Morogoro, mji kasoro bahari, na ninyi wa milimani mnaotupata hali ya hewa ikiwa nzuri, tangazo mmeshalisikia, na wiki hii mmelisikia kuliko matangazo ya vifo: kila mtumishi wa umma ajaze taarifa zake za utendaji kwenye mfumo wa PEPMIS kabla mwaka wa fedha haujafungwa, na asiyejaza asije kuuliza habari za kupanda daraja. Hatuna ugomvi na agizo. Mshahara ni wa umma, kazi ipimwe. Mwalimu wa Bunduki, kule milimani, atapanda kilima akitafuta mtandao, atajaza, atashuka. Tumezoea.

Kinachotukosesha usingizi kituoni hapa ni kingine. Vipindi alivyofundisha mwalimu vinahesabika. Watoto waliochanjwa wanahesabika. Lakini mtumishi huyo anaongozaje wenzake? Anafanyaje kazi na wenzake? Alama za mambo hayo anazitoa nani, na amezipata wapi?

Wakongwe wa maofisini wanaikumbuka fomu ya OPRAS iliyoanza mwaka 2004, ambayo kwa Kiswahili iliitwa MWAMTUKA, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Kabla yake ilikuwa taarifa ya siri. Mkubwa anaandika, anafunga bahasha, na wewe unakuja kuyajua uliyoandikiwa siku umekosa cheo. MWAMTUKA ikaja na uwazi wake. Sehemu moja ya fomu ile ilijaa mambo mazuri: uwezo wa kufanya kazi na timu, uwezo wa kuelewana na watumishi wengine, uwezo wa kuheshimika, uwezo wa kuongoza, kutia watu moyo na kusuluhisha migogoro. Uadilifu nao ulikuwemo. Mtumishi anajipa alama, msimamizi anampa alama, halafu wawili hao wanakaa na kupata alama ya makubaliano. Moja ndiyo bora kabisa na tano ndiyo mbovu kabisa, kwa hiyo ukisikia jirani yako alipata moja usimpe pole.

Sasa zihesabuni zile safu. Safu ya mtumishi. Safu ya msimamizi. Safu ya makubaliano. Na wanaoongozwa je? Uongozi wa mwalimu mkuu unapewa alama na mtu wa wilayani anayekuja na gari, anasaini kitabu cha wageni, anakunywa chai na kuondoka. Walimu wanaokaa naye ofisi moja tangu Januari hawakuulizwa. Manesi wanaopokezana zamu na mganga mfawidhi hawakuulizwa. Wanaoongozwa je?

Na hayo makubaliano, ni makubaliano gani? Huyo mnayekubaliana naye ndiye atakayesaini ruhusa yako ya kwenda msibani. Ndiye anayepanga nani aende semina ya Dodoma na nani abaki kulinda ofisi. Yeye akiandika tatu, wewe una ubavu wa kuandika mbili? Mnakubaliana. Kila mwaka mnakubaliana. Karatasi ya MWAMTUKA imekwenda na kompyuta ya PEPMIS imekuja, lakini kati ya mkubwa na mdogo wake hofu ni ile ile, na hofu haina nywila ya kuifungia.

Tuseme na la kujipima mwenyewe. Nyani haoni kundule, hilo tunalijua. Tusilolisema ni kwamba huku kwetu wapo wengi, akina mama hasa, wanaojipunguzia alama kwa adabu tu. Mtu amelelewa akiambiwa kujisifu ni aibu. Mpe fomu ajisifu, ataandika wastani. Pembeni yake kuna bwana mmoja asiyefika kazini kabla ya saa nne, huyo amejaza bora kabisa kila mstari. Mfumo unaoamini kila mtu anavyojieleza unampandisha daraja mwenye mdomo.

Na wenzako wakipewa nafasi ya kukupima? Nenda chuoni SUA, nenda chuoni Mzumbe, waulize vijana habari za kazi ya kikundi. Majina manane kwenye jalada, walioandika watatu. Wa nne alileta chipsi. Pembeni watakwambia kila kitu: nani alizima simu, nani alitokea siku ya kuwasilisha akiwa amevaa tai. Wape karatasi wapeane alama, wote wanapeana sawa. Wenyewe wanaita kubebana. Wakimaliza chuo wanakuja kubebana maofisini, halafu tunashangaa kwa nini mapato na matumizi hayasomwi vijijini. Hayasomwi kwa sababu tunabebana. Mwenyekiti anambeba mtendaji, mtendaji anambeba mwenyekiti, wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanawabeba wote wawili.

Mtatuambia redio imerudia wimbo wake wa mapato na matumizi. Ndiyo, tumeurudia.

Lakini vijana wanaobebana pale Mazimbu, kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu, wangejua wamekaa jirani na historia gani. Majengo yale SUA iliyapata baada ya ANC ya Afrika Kusini kuyakabidhi mwaka 1992. Kabla hayajajengwa, ANC ilikuwa tayari na makao yake hapa Morogoro, na hapa hapa kuanzia Aprili 25 mpaka Mei 1, 1969 ikafanya mkutano ambao chama hicho hakijausahau. Ulitokana na nini? Na waliokuwa chini kuthubutu kuwapa alama waliokuwa juu. Chris Hani alikuwa kijana mpiganaji wa ANC, ametoka kwenye mapigano ya Wankie, Rhodesia, ya mwaka 1967, akapitia jela ya Botswana. Aliporudi kwa wenzake Zambia alikuta hakuna aliyeitisha kikao kuuliza: jamani, imekuwaje kule? Tumekosea wapi? Wenzetu wangapi hawakurudi, na kwa nini? Tathmini, wasikilizaji. Kijana alikuwa anadai tathmini. Yeye na wenzake sita wakaandika waraka, wakasema viongozi wamejitenga na wapiganaji na wamezoea maisha ya ughaibuni.

Mnajua walichofanywa. Waliwekwa nje ya chama, na wapo waliotaka adhabu kubwa kuliko hiyo. Hapo kwetu hadithi ingeishia. Mtoa maoni angehamishiwa mbali na ofisi ingetulia. Lakini Oliver Tambo, aliyekuwa akikaimu urais wa chama, akaitisha mkutano, na ukaja Morogoro. Humo ukumbini mambo yaliyoandikwa na wale saba yalizungumzwa. Tambo akasema anajiuzulu. Wajumbe wakamrudisha. Kamati ya taifa ikapunguzwa ukubwa, na Hani na wenzake wakasamehewa. Mwaka 1987 kijana huyo aliyepewa tano na wakubwa wake akawa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama hicho. Tambo hakupungukiwa kitu kwa kupimwa. Aliongoza chama mpaka 1991.

Hayo yalitokea Morogoro, hapa tunapoishi. Wageni waliokimbia kwao, wanaowindwa, wenye kila sababu ya kusema huu si wakati wa kukosoana, walikosoana. Sisi wenye nchi yetu na amani yetu tunaogopa kumuuliza mwenyekiti wa kijiji pesa za choo cha shule zimekwenda wapi.

Na milima ina ya kwake. Wazee wa Matombo mnaijua habari hii kuliko sisi. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi kuzuia udongo usiporomoke. Nia ilikuwa nzuri. Kila aliyepewa daraka aliulizwa jambo moja: matuta mangapi? Basi matuta yakachimbwa, udongo wenye rutuba ukafukiwa, ule usiozaa ukaja juu, na mahindi yakadumaa. Hesabu ya matuta ilikuwa inapanda. Hasira nayo. Mwenye jembe hakuulizwa mpaka Julai 1955, Matombo ilipolipuka na mpango wote ukafa. Wapimaji walikuwepo tele, na vipimo vilikuwepo. Ila wote walikuwa wanatazama juu kwa aliyewatuma.

Miaka saba baadaye Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu, akakiita Tujisahihishe. 1962, nchi haijamaliza hata mwaka mmoja tangu ipate uhuru. Baadaye maneno ya kujikosoa na kukosoana yakawa ya kila mkutano wa chama chake. Leo yanasikika kwenye hotuba tu, yamepangwa mstari mmoja na umoja ni nguvu na kidole kimoja hakivunji chawa, na msemaji akishuka jukwaani hakuna aliyekosolewa.

Msidhani hatuwezi. Akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanaweza. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zimekaa kwa watu watatu, na halifunguliwi mpaka kikao kikae. Fedha zinahesabiwa mbele ya macho yote. Aliyechelewa anatozwa faini hapo hapo, hata akiwa mwenyekiti, hata akiwa shangazi yako. Mweka hazina aliyekosea anaambiwa amekosea, anasahihisha, na jioni wanakwenda pamoja kuchota maji. Fomu hawana, wala safu ya makubaliano. Kila mmoja akiba yake imo ndani ya sanduku, na hiyo inatosha kumfungua mtu mdomo.

Kwenye kijiji nako akiba yetu imo. Ushuru wa ndizi za Kinole umo, ushuru wa kabichi na viazi vya Mgeta umo, michango ya madarasa imo. Viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa tuliwachagua Novemba 27, 2024. Je, tunawapa alama lini? 2029? Sheria haikusema hivyo! Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo watu wanapaswa kusomewa mapato na matumizi. Hiyo ndiyo safu yetu. Safu ya wanaoongozwa ipo, imekaa kwenye sheria miaka yote hii, na sisi wenyewe tumeiacha wazi. Mkutano unaitishwa siku ya gulio. Mkutano unaahirishwa kwa sababu akidi haikutimia, na akidi haikutimia kwa sababu mimi na wewe tulisema wataenda wengine.

Watumishi, ninyi mnaojaza mfumo wiki hii, jazeni ukweli. Nesi uliyelea wodi usiku kucha, usijipe wastani kwa adabu. Bwana wa saa nne, unajijua. Mkuu wa idara, kabla hujabonyeza kitufe cha kuthibitisha alama za mtu, waite walio chini yako, mtoe chumbani anayekuandikia muhtasari, waulize unawaongozaje, kisha nyamaza usikilize. Atakayekwambia ukweli usimhamishe!

Na ninyi wananchi wa Kolero, wa Tawa, wa Nyandira, wa Kinole, wa Matombo, amkeni. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ofisi ya kijiji ipo, ubao wa matangazo upo. Nendeni kesho asubuhi mkaangalie kama mapato na matumizi yamebandikwa. Kama hayapo, mwulizeni mtendaji kwa heshima zote: Mheshimiwa, mkutano wetu ni tarehe ngapi? Aandike tarehe. Siku hiyo nendeni wote, na jembe liacheni nyumbani kwa saa mbili. Akiwajibu kwamba ana shughuli nyingi, namba yetu ya simu mnayo. Tupigieni, tutamuuliza sisi, moja kwa moja hewani.