Somo la Umeme: Joto Lisipotee Bure

Leo tutasoma habari za joto na umeme.

Baridi ya Njombe ya mwezi wa Juni na Julai mnaijua. Mama akiisha kusonga ugali, hazimi moto. Huteleka maji ya kuoga juu ya makaa yaliyobaki. Kuni ni zile zile, lakini kazi ni mbili. Shikeni mfano huo.

Sasa twende Kinyerezi, Dar es Salaam. Huko umeme hufanywa kwa gesi itokayo Songosongo na Mtwara. Gesi huchomwa, na hewa ya moto husukuma gurudumu lenye mapanga. Gurudumu huzungusha jenereta, nayo hutoa umeme. Moshi unaotoka bado una joto la nyuzi 500 na zaidi. Ukiachwa uende zake angani, joto hilo limepotea.

Kituo cha Kinyerezi II kilizinduliwa mwezi wa Aprili 2018. Hapo moshi hupitishwa penye mabomba ya maji. Maji huwa mvuke, na mvuke huzungusha gurudumu la pili. Gurudumu la kwanza peke yake hugeuza kama sehemu 35 tu katika kila sehemu 100 za joto la gesi ziwe umeme. Yakiwa mawili, hufika sehemu 50 hivi.

Umeme huo huingia katika gridi ya taifa pamoja na ule wa mabwawa. Gridi hufika Makambako, na toka hapo nyaya huenda Njombe na Songea. Basi jambo hili ni letu pia, maana gesi ikiisha kuchomwa hairudi.

Je, na moshi wenyewe? Ndani yake mna hewa ya ukaa, ambayo huzidisha joto la dunia. Hewa hiyo yaweza kunaswa kwa dawa ya majimaji, kisha ikasukumwa chini sana miambani. Huko Kanada, kituo cha Boundary Dam, kinachochoma makaa ya mawe, kilianza kazi hiyo mwaka 2014. Lakini dawa hiyo lazima ipashwe moto ili iiachie hewa, na hapo joto jingi hutumika. Kwa hiyo umeme hupungua. Anayepoteza joto hawezi gharama hiyo. Ndiyo sababu twasema: kwanza, joto lisipotee.

Maswali ya kujadiliana:
1. Gurudumu la pili huzungushwa na nini?
2. Nyumbani kwako, joto gani hupotea bure?