Chakula cha Safari ya Miguu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kakamega)



Tumeombwa tuseme habari ya chakula cha safari ya miguu, kwa kuwa baadhi yenu mwataka kupanda Mlima Elgon siku za mapumziko, na wengine hutumwa kazi za porini siku mbili tatu. Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo. Mwenye njaa na mzigo mgongoni huteleza njiani, hugombana na wenzake, na kazi huharibika.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Mara moja tulitoka watu wanne kupita msitu wa Kakamega, na kila mtu akaleta alichopenda. Watatu walileta sukari. Chumvi hakuna. Unga ukatuishia siku ya pili, na mvua ya alasiri, ambayo nyote mwaijua, ikalowesha kuni. Tulirudi tumenuniana. Fedha tulikuwa nazo. Tulilokosa ni kukaa pamoja na kupima kabla ya kutoka.

Sasa kwa watu wanne na siku tatu twapima hivi: unga wa mahindi kilo 5; unga wa wimbi robo tatu ya kilo; karanga zilizokaangwa kilo moja na nusu; omena kavu robo tatu ya kilo; sukari robo tatu; mafuta ya kupikia nusu kilo; vitunguu nusu kilo; chumvi na majani ya chai robo kilo. Jumla ni kilo 10, na kila mtu achukue kilo mbili na nusu. Sufuria moja na mwiko mmoja watosha.

Asubuhi ni uji wa wimbi, na chai kwa kiporo cha ugali. Mchana hatuwashi moto. Twatafuna karanga tukipumzika. Karanga si mchezo: kilo moja ina nguvu kupita kilo moja na nusu ya unga. Jioni ni ugali na omena. Omena ikaangwe nyumbani, itiwe ndani ya mkebe mkavu, ili njiani iwe kazi ya kuipasha moto tu na kitunguu.

Maharagwe yaacheni nyumbani. Kilele cha Koitoboss, upande wetu wa Elgon, kina mita 4,222. Huko juu maji huchemka kwenye joto la nyuzi 86 hivi, wala hayafiki 100 kama pwani. Mtayachemsha maharagwe mpaka kuni ziishe, nayo bado magumu. Hata ugali hukawia kuiva, basi songeni kwa subira. Maji ya kunywa nayo, mkiwa juu hivyo, yaacheni yatokote dakika tatu. Tena msikate kuni msituni bila ruhusa. Waulizeni walinzi, au chukueni jiko dogo la mafuta.

Ndugu, msione ni maneno ya jikoni tu. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na mwaka 1917 walikusanywa kwa nguvu katika wilaya nyingi za Kenya. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Sababu moja ilikuwa posho yenyewe: unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, uliopikwa kwa haraka, nusu mbichi, ukaharibu matumbo. Posho ile ilipimwa na watu wasiobeba mzigo wala kula katika sufuria ile. Jina la Kariokor, kule Nairobi, latukumbusha wapagazi hao mpaka leo.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. La kwanza, tukienda kwa hiari yetu, tukae siku moja kabla, tupime wote pamoja, na mmoja wetu ashike orodha. Chakula kigawanywe sawa, bila kuangalia cheo, na mzigo vilevile.

La pili, tukitumwa na mwajiri kwenda porini kwa miguu, tuulize habari ya chakula kabla ya kutoka, si baada ya kurudi. Ni kilo ngapi za unga kwa mtu kwa siku? Kitoweo ni nini? Nani hubeba sufuria, na muda wa kupika umo katika saa za kazi? Majibu yaandikwe. Mmoja akiuliza peke yake ataitwa mlafi. Wote wakiuliza, hilo ni shauri la kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Aliye na swali na asimame.