Tuache kusema "niko sawa"

(Hotuba fupi niliyoitoa kwenye mkutano wa Waswahili tunaoishi California. Nimeileta hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa dakika kumi za kuzungumzia afya. Najua mlitegemea presha na kisukari, lakini naomba radhi, leo nazungumzia ajali katika hizi teksi tunazoita kwa simu. Mimi ni nesi, siyo wakili. Ila jambo hili linaanzia barabarani, linapita mikononi mwetu hospitali, halafu ndiyo linafika kwa mawakili. Wengi wetu tunalipoteza hapo katikati.

Nianze na langu. Mwaka 2023 nilitoka zamu ya usiku, nikaita gari. Dereva alikuwa kijana wetu wa Tanga, tukapiga stori njia nzima. Kwenye makutano, gari nyingine ikapita taa nyekundu, ikatugonga ubavuni na kukimbia. Yule kijana alishuka anatetemeka, kashika kiwiko. Akaniambia, "Dada, nakuomba usiripoti. Wataifunga akaunti yangu, nina watoto." Nikamhurumia. Watu wa ambulensi walipouliza, nikajibu niko sawa. Nikarudi nyumbani nikalala.

Siku ya tatu shingo haigeuki na vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Nikaenda kutibiwa, nikafungua madai. Afisa wa bima aliniuliza swali moja tu: kama uliumia, mbona usiku ule ulisema huna maumivu? Ndugu zangu, maneno "mgonjwa anakana maumivu" mimi mwenyewe huyaandika kwenye mafaili kila wiki. Sikuwahi kufikiri kuwa yanaweza kugeuka ushahidi dhidi ya mtu. Nililipwa gharama za matibabu, lakini baada ya miezi mingi ya kuvutana.

Sasa tuelewane bima hii inakwendaje. Kama programu ya dereva imezimwa, inayohusika ni bima yake binafsi. Ikiwa imewashwa na anasubiri mteja, kuna bima ya kati: dola 50,000 kwa mtu mmoja, 100,000 kwa ajali nzima. Akishakubali safari mpaka mteja ateremke, ni dola milioni moja kwa madhara anayosababisha dereva. Mpangilio huu haukuja kwa hisani. Usiku wa Desemba 31, 2013, huko San Francisco, mtoto wa miaka sita aligongwa na kufa, na kampuni ikasema dereva hakuwa na abiria ndani. Mwaka 2014 bunge la California likapitisha sheria ya kuziba pengo hilo, na ikaanza kutumika Julai 2015.

Abiria asiyegusa usukani ni nadra kulaumiwa kwa ajali. Swali ni nani alipe. Kampuni husema dereva si mwajiriwa wao, na kura ya Novemba 2020, ile Proposition 22, iliwapa msingi huo. Ndiyo maana bima ndiyo kinga yetu kubwa.

Na hapo kuna habari mbaya. Aliyekugonga akiwa hana bima, au akikimbia kama yule wangu, zamani ulikuwa unalindwa mpaka dola milioni moja. Oktoba 2025 Gavana Newsom alisaini sheria SB 371. Tangu Januari 1, 2026 kinga hiyo ni dola 60,000 kwa mtu na 300,000 kwa ajali. Siku hiyo hiyo alisaini nyingine inayowaruhusu madereva kuunda chama chao. Nafurahi kwa madereva, lakini abiria ndiye aliyetolewa sadaka. Mfupa wa paja ukivunjika, upasuaji na siku chache wodini tu vinaweza kuzimaliza hizo 60,000, kabla hujahesabu mishahara uliyokosa. Sisi wenye uraia na kura, wawakilishi wetu tuwaulize.

Je, yule kijana wa Tanga? Nilidhani namsaidia. Kumbe Proposition 22 hiyo hiyo inailazimisha kampuni kumkatia dereva bima ya ajali kazini, angalau dola milioni moja kwa matibabu na kipato kilichopotea. Kiwiko chake kilikuwa kimevunjika. Kwa kunyamaza kwetu, alikaa siku nyingi bila matibabu wala kipato. Huruma yangu ilimuumiza yeye kuliko mimi. Kudai bima si kumfilisi ndugu yako.

Kwa hiyo nawaomba haya. Ita polisi. Piga picha za magari na namba zake, hifadhi risiti ya safari, ripoti kwenye programu. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, maana damu kuvuja kichwani au kwenye wengu inaweza kuchelewa kujionyesha. Sema kila panapouma, hata padogo. Usisaini karatasi ya kumaliza madai kabla hujajua umeumia kiasi gani. Kisheria una miaka miwili ya kushtaki, lakini likihusika basi la jiji au mali ya serikali, dai lipelekwe ndani ya miezi sita. Ukiwa na gari lako, ongeza ile kinga dhidi ya madereva wasio na bima, kwani mara nyingi inakufuata hata ukiwa abiria kwa mwingine.

Na wasio na makaratasi: idara ya dharura inalazimika kukupima na kukutuliza hali, na California hairuhusu hali yako ya uhamiaji kuwa ushahidi kwenye kesi ya kuumia. Msijifiche na majeraha.

Kwa mlioko nyumbani, Dar na Nairobi, teksi hizi mnazo pia. Ulizeni kama gari lina bima ya kubeba abiria wa kulipa, maana bima ya matumizi binafsi haikukusudiwa kazi hiyo.

Mtu wa ambulensi akikuuliza, usimjibu kwa adabu. Mjibu kwa ukweli.