Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu

Ndugu zetu wana Ngara na Biharamulo,

Sisi wa kamati ya fedha tumetumwa tueleze harambee ya mwaka huu inakwenda wapi. Inakwenda kwenye mapafu ya vijana wetu.

Dhahabu ya Biharamulo tunaijua. Tulawaka ilianza kuzalisha mwaka 2005. Nje ya migodi mikubwa, hadi Geita, vijana wa wilaya zetu zote mbili wamo kwenye maduara na makarasha. Mwamba wenye dhahabu una silika. Ukisagwa mkavu, vumbi lake laini hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, na kuta za vifuko hivyo huota makovu. Pafu hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kuchimba.

Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, uchovu, na kuishiwa pumzi kwenye mlima ambao zamani aliupanda bila kusimama. Kifua kikuu nacho huanza hivyo hivyo. Kukipima ni lazima, maana mwenye silikosisi hukipata kwa urahisi zaidi. Lakini makohozi yakitoka safi na pumzi bado ni fupi, safari ya kutafuta ugonjwa haijaisha.

Mgonjwa amweleze daktari alifanya kazi gani, wapi, na kwa miaka mingapi. Bila maelezo hayo, makovu kwenye eksirei yanaweza kudhaniwa ni kifua kikuu. Baada ya eksirei kuna kipimo cha kupuliza, kinachopima nguvu ya mapafu, na ikibidi sitiskani, ambayo ipo Bugando, Mwanza. Makovu hayafutiki, lakini anayegunduliwa mapema huondolewa vumbini mapema.

Michango yenu italipa nauli na vipimo vya wasio na bima, na itanunulia zahanati zetu vipimo vya oksijeni vya kidoleni. Kila shilingi itasomwa kwenye mkutano ujao, pamoja na risiti zake.

Na ninyi wenye makarasha: mwagieni mawe maji kabla ya kusaga. Hilo halihitaji harambee. Miezi sita ya kumeza dawa za ugonjwa usiokuwepo ni miezi sita mingine ya kuvuta vumbi.