Mazoezi ya mwili kwa watoto wenye usonji: tunaweza kuanza hapa Makobola

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanachama, Makobola. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya watoto wenye usonji, na zaidi juu ya mwili wao: namna wanavyotembea, wanavyoruka, wanavyoshika vitu. Nitasema kwa maneno ya kwetu, na mahali ambapo hamkusikia vizuri, munikatize tu.

Kwanza jina. Wale waliokaa Nyarugusu na Lugufu walisikia Watanzania wakisema "usonji". Huku kwetu walimu na waganga wanasema "otisme", kwa Kifaransa. Ni kitu kimoja. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo, tofauti na wa watoto wengine. Hauambukizi. Hautokani na chanjo, wala si kosa la mama aliyemlea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na hali hiyo. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya Ulaya. Watoto hawa wapo Makobola, wapo Kigongo, wapo Swima na Mboko.

Watu wakisikia usonji wanafikiria mtoto asiyeongea, asiyeangalia mtu machoni, anayerudia jambo moja siku nzima. Hiyo ni kweli. Lakini kuna sehemu ambayo tunaisahau: miguu na mikono. Daktari Leo Kanner, aliyeandika juu ya watoto 11 wa namna hii kule Marekani mwaka 1943, aliona tayari kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika kutembea. Mwaka 2020 mtaalamu wa viungo Anjana Bhat, wa Chuo Kikuu cha Delaware, alichapisha uchunguzi uliofuata majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 11,000 wenye usonji. Karibu watoto 87 katika kila 100 walikuwa na dalili za shida katika mwendo wa mwili. Lakini waliokuwa wanapata msaada wa viungo walikuwa karibu theluthi moja tu. Na hiyo ni Marekani, penye hospitali kila mahali.

Msaada huo Watanzania wanauita fiziotherapia. Sisi upande huu wa Uvira tunasema kine.

Sasa tuangalie mtoto mwenyewe. Anatembea kwa ncha za vidole, kisigino hakigusi chini. Mwili wake ni mlegevu. Akiketi anaegemea ukuta au anamlalia mama. Anaanguka mara nyingi mahali ambapo wenzake wanapita bila shida. Haruki kwa miguu yote miwili. Ukimrushia mpira, unampiga kifuani ndipo mikono inainuka. Ana miaka 7 na bado hajui kufunga kifungo cha shati, na bugali inamdondoka kabla haijafika kinywani. Si kila mtoto ana haya yote. Mwingine anapanda mwembe kama kima, lakini hawezi kushika kalamu.

Na sisi tunasema nini? "Ule mutoto ni muvivu, anapenda tu kubebwa." Au tunasema vibaya zaidi: "Anatembea kama ndege, balimuroga." Wengine wanageuza, wanasema mtoto mwenyewe ndiye mulozi.

Hapa nataka nisimame kidogo. Sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu 160, inasema wazi: anayemshitaki mtoto kwa uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi miaka 3, na kulipa faini. Sikuja kutisha mtu. Lakini mtoto aliyefungiwa katika nyumba ya maombi, ananyimwa chakula siku tatu ili pepo litoke, akitoka pale miguu yake imezidi kuwa dhaifu. Kama mtu anataka kumwombea mtoto, amwombee akiwa ameshiba na ameketi karibu na mama yake.

Shida yenyewe iko wapi? Kwa kawaida haiko katika mfupa wala katika nyama ya mguu. Fikiria unavyoteka maji. Unainama, unashika bidoni, unajipanga usianguke, unainua, unageuka. Hufikirii hata kimoja, kwa sababu ubongo umeshapanga yote. Kwa mtoto huyu upangaji huo unachelewa. Pia hapati habari sawasawa kutoka mwilini mwake: mguu uko wapi, nguvu kiasi gani inatosha. Tena watoto wetu wanajifunza kwa kuangalia. Hakuna aliyefundishwa darasani kupiga kasia. Alimwangalia kaka yake. Mtoto mwenye usonji kuiga ni kazi ngumu kwake, kwa hiyo mlango huo wa kujifunza kwake ni mwembamba.

Mtaniuliza: tuna shida ya shule, ya dawa, ya mashamba, kwa nini chama kishughulike na kuruka na kushika mpira? Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni urafiki. Watoto wetu wanakutana katika mchezo. Asiyeweza kukimbia na mpira anaachwa pembeni, na akiachwa pembeni anakosa pia mahali pa kujifunza kuongea.

Ya pili ni ziwa. Tanganyika iko hapa mlangoni. Uchunguzi uliofanywa nchi nyingine umeonyesha kwamba watoto wenye usonji wanakufa maji zaidi kuliko watoto wengine. Wengi wao wanavutwa na maji, na wanaondoka nyumbani bila kuaga. Mtoto anayeteleza ovyo, asiyejua kusimama akiambiwa "simama", akiishi hatua mia kutoka mawimbi, ni hatari ya kila siku.

Ya tatu ninyi mnaijua kuliko mimi. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, hapa hapa Makobola, mliona ni nani aliweza kukimbia na ni nani hakuweza. Tangu wakati ule watu wa pwani hii wamekimbia mara ngapi? Mama mmoja aliniambia: "Ule mukubwa anatembea yeye mwenyewe, kadogo niko nakabeba mugongoni. Huyu wa katikati, miaka 9, nitamubeba na nini?" Sikuwa na jibu la maneno. Ila ninajua kwamba mtoto aliyezoezwa kutembea haraka akishika mkono wa mtu, bila kuketi chini njiani, ana nafasi zaidi. Sisi tuliorudi, wengine kwa boti kutoka Kigoma mpaka Baraka tangu 2005, wengine kwa miguu, tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Kabla ya mazoezi kuna onyo. Si kila mtoto anayetembea kwa vidole ana usonji. Kama mtoto alikuwa anatembea vizuri na kwa ghafla miguu yote miwili imekakamaa, fikirieni konzo. Konzo inatokana na muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, na katika Kivu ya Kusini imeshaonekana. Kinga yake ya kwanza ni kuloweka na kukausha muhogo sawasawa, na kuchanganya chakula, yaani ndagala, maharage. Vilevile mtoto mwenye kifafa, mtoto aliyebaki dhaifu upande mmoja nyuma ya malaria kali, mtoto aliyepoteza jambo alilokuwa analijua: hao wote wafike kwanza kituo cha afya wapimwe. Mazoezi hayashindani na muganga.

Sasa kazi yenyewe. Mtu wa kine hana siri kubwa. Anaangalia mtoto anaweza nini leo, anachagua jambo moja linalofuata, analikata vipande vidogo, anarudia mara nyingi, na pole pole anapunguza mkono wake. Yote hayo mzazi anaweza kuyajifunza. Vyombo tunavyo hapa hapa:

1. Tairi la zamani. Lilaze chini. Mtoto aingie na atoke, mguu mmoja mmoja, huku umemshika mikono miwili, kisha mkono mmoja, kisha kidole. Akizoea, aruke ndani.

2. Ubao chini. Ulaze juu ya udongo, usiuinue. Atembee juu yake mpaka mwisho, na mwisho akute kitu anachokipenda. Huko anajifunza kusawazisha mwili na kuweka kisigino chini.

3. Bidoni ndogo yenye maji kidogo. Aibebe kutoka mlangoni mpaka jikoni. Kubeba, kusukuma, kutwanga katika kinu pamoja na mama: kazi nzito kidogo inasaidia mwili ujisikie, na watoto wengi wanatulia nyuma yake.

4. Mpira wa sashe zilizofungwa kwa kamba. Anza kwa kuuviringisha chini mkiwa mmeketi, miguu imefunguka. Kurusha kunakuja mwisho. Mpe ndugu yake kazi hiyo, juu mtoto anajifunza mchezo na mwenzake kwa pamoja.

5. Tembea na simama. Mshike mkono, mtembee haraka, useme "simama", msimame. Kila siku mara kumi. Mchezo huu ndio wa ziwa, na ndio wa kukimbia. Ufanyieni uani au barabarani penye usalama, msiufanyie ukingoni mwa maji.

Kanuni ni chache. Saa ileile, mahali palepale, dakika 10 au 15, kwa sababu mtoto huyu anapenda kujua kinachofuata. Maneno machache. Muonyeshe kwa mkono kuliko kumweleza. Akifaulu kidogo, furahi naye hapo hapo. Akilia, punguza, akifunga masikio, kuna kelele nyingi, hameni. Usimpige. Fimbo haijawahi kumfundisha mtu kusimama kwa mguu mmoja.

Tutegemee nini? Mazoezi hayaondoi usonji, na atakayewaambia kwamba anauondoa, mlinde mfuko wenu. Yanachofanya ni kumpa mtoto uwezo alio nao karibu. Katika kijiji kimoja cha pwani hii nilimfuata msichana wa miaka 7 ambaye hakuweza kuvuka kizingiti cha mlango bila kubebwa. Mama na bibi walifanya kazi ya tairi na ubao kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Wiki za kwanza hakuna kilichoonekana. Katika mwezi wa tatu alianza kuvuka mwenyewe, akishika ukuta. Haongei bado. Lakini sasa anakwenda chooni peke yake, na bibi yake mgongo umepumzika. Kwa nyumba ile hiyo si kitu kidogo.

Nafika kwenye maombi yangu. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, kinachopokea watu wenye ulemavu na kufanya kine. Lakini kutoka hapa mpaka Uvira, na toka Uvira kupita Kamanyola na mlima wa Ngomo, ni zaidi ya kilometa 120 za safari. Na kine ya mara moja haina maana. Mtoto anahitaji kila siku. Kwa hiyo ujuzi ndio usafiri, uje kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeandaa mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye shida za ukuaji, yaliyotolewa mwaka 2022: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani, na anayeongoza hahitaji kuwa daktari. Mfumo kama huo unafanana na chama chetu kuliko hospitali.

Kwa wanachama ninaomba mambo mawili. Sanduku letu linasaidia msiba, linasaidia mgonjwa, linasaidia mama aliyejifungua. Tuongeze mstari mmoja kwa mtoto mwenye ulemavu, hata kama ni kidogo, ili mama apate moto ya kwenda kumpimisha mtoto wake. Na kila localité ichague mama mmoja au baba mmoja wa kufundishwa, ambaye atazungukia nyumba zenye watoto hawa. Ninasema baba pia. Watoto hawa si wa mama peke yao, ingawa tukiingia nyumbani tunamkuta mama peke yake.

Kwa wafadhili: msitutumie mashine. Mashine ikiharibika itakuwa kiti cha kuku. Lipeni safari ya mtu wa kine kutoka Uvira, aje kila baada ya miezi mitatu, aangalie watoto walewale, asahihishe mazoezi, atoe mengine. Na mkubali ripoti isiyo na miujiza. Mkisoma "mtoto amevuka kizingiti", mjue pesa yenu imefanya kazi.

Baada ya mkutano nitabaki chini ya mwembe na tairi moja na ubao mmoja. Mwenye mtoto wa namna hii, amlete, au aje peke yake kama anaona haya, tutaonyeshana. Na wale majirani wasio na mtoto kama huyo, mje pia, mjue namna ya kucheza naye mpira.