Halmashauri Inapolalamikiwa: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora na Madai ya Mwananchi

Sehemu kubwa ya shughuli ambazo Mtanzania hufanya na Serikali huanzia na kuishia katika halmashauri yake. Leseni ya biashara, kibali cha ujenzi, ushuru wa mazao, shule ya msingi, zahanati, uzoaji wa taka na mkopo wa asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vyote viko mikononi mwa halmashauri 184 za Tanzania Bara na watendaji wao wa kata, mitaa na vijiji. Anayeombwa rushwa huko ana TAKUKURU. Mwenye mgogoro wa kisheria ana mahakama, ikiwa anamudu gharama na muda. Lakini ipo dhuluma ambayo ni vigumu kuiita jinai na ni ghali kuifikisha kwa hakimu: barua haijibiwi, faili halionekani, mtu anaambiwa arudi Jumatatu mwaka mzima, au anatozwa fedha ambazo sheria imemsamehe. Kwa dhuluma ya namna hiyo nchi nyingi zimeweka chombo huru cha kupokea malalamiko ya raia na kuyachunguza bila malipo. Tanzania kazi hiyo imepewa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Chombo cha aina hii kilianza Sweden mwaka 1809, kikaanzishwa Denmark mwaka 1955 na New Zealand mwaka 1962. Barani Afrika Tanzania ilitangulia. Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, iliyochunguza namna ya kuunda demokrasia ya chama kimoja, ilipendekeza raia wawe na mahali pa kushtakia maofisa wanaotumia madaraka vibaya. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ikaweka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, nayo ikaanza kazi mwaka 1966 chini ya uenyekiti wa Erasto Mang'enya. Makamishna hawakukaa Dar es Salaam kungoja barua. Walizunguka mikoani, wakaeleza kazi yao katika mikutano ya hadhara, kisha wakawasikiliza wenye shida mmoja mmoja faraghani. Kwa nchi ambayo wengi wa wananchi wake walikuwa hawajui kusoma, utaratibu huo ulikuwa wa busara sana, na bado unastahili kuigwa. Kasoro yake ilikuwa juu: taarifa za uchunguzi zilipelekwa kwa Rais, na hatua ya mwisho ilikuwa yake. Mlalamikaji hakuwa na njia ya kujua kwa nini shauri lake limeishia lilipoishia.

Mabadiliko ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yaliweka tume mpya katika Ibara ya 129 hadi 131, na Sheria Namba 7 ya mwaka 2001 ikaipa nguvu za utendaji. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga. Tume hii iliunganisha kazi mbili ambazo nchi nyingine huzitenganisha: kulinda haki za binadamu na kusimamia utawala bora. Kwa mtu anayelalamikia halmashauri, muungano huo una faida halisi, kwa sababu mgambo anayevunja kibanda cha mama lishe bila notisi amekosea utaratibu na papo hapo amegusa haki ya mtu ya kumiliki mali.

Lalamiko linaweza kuletwa kwa barua, kwa simu au kwa mdomo, na asiyeweza kuandika huandikiwa na ofisa anayempokea. Linaweza pia kuletwa na mtu mwingine kwa niaba ya aliyeonewa. Yapo yanayokataliwa mlangoni: Tume haimchunguzi Rais wa Jamhuri ya Muungano wala Rais wa Zanzibar, na haigusi shauri lililo mahakamani. Mlalamikaji ambaye hajamwona mtendaji wa kata wala kumwandikia mkurugenzi kwa kawaida huelekezwa aanzie huko, naye hufanya vyema kubaki na nakala ya kila barua yenye mhuri wa masjala unaoonyesha tarehe ya kupokewa. Nakala hiyo ni nusu ya ushahidi.

Baada ya kusajiliwa, lalamiko hupelekwa kwa anayelalamikiwa ili ajibu. Hapa ndipo inapobainika tofauti kati ya uamuzi usiompendeza mtu na uamuzi uliofanywa vibaya. Diwani na wenzake wakiamua soko lijengwe kata ya jirani baada ya kikao halali, hilo ni la wapiga kura kulipima. Mchunguzi anatazama jinsi uamuzi ulivyofikiwa: sheria ilifuatwa au la, aliyeathirika alisikilizwa au la, sababu zilitolewa au hazikutolewa. Tuseme mkulima anasafirisha magunia manane ya mahindi, yapata kilo 800, kutoka wilaya moja hadi nyingine, akasimamishwa kwenye geti na kutozwa ushuru. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 mzigo usiozidi tani moja unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine umesamehewa ushuru. Risiti na uzito wa mzigo vinatosha kumaliza hoja, na halmashauri haina la kujitetea isipokuwa kurudisha fedha na kumwelekeza upya mtoza ushuru wake.

Kiwanja kimoja kilichogawiwa watu wawili ni kazi nzito zaidi. Kila mmoja ana barua ya toleo, kila mmoja ana stakabadhi, na mmoja ameshafikisha ukuta kwenye linta. Kusema nani mmiliki ni kazi ya baraza la ardhi na nyumba la wilaya au mahakama. Swali la mchunguzi ni jingine: barua mbili zilitokaje katika ofisi moja? Anaomba faili la kiwanja na kulisoma karatasi kwa karatasi. Anaangalia kama kurasa zimepewa namba kwa mfuatano au kuna namba iliyorukwa, dokezo la kuidhinisha ugawaji limesainiwa na nani, na kama stakabadhi ya pili ilikatwa kabla au baada ya milki ya kwanza kufutwa, kama kweli ilifutwa. Analinganisha ramani ya mchoro wa zamani na ile iliyofanyiwa marekebisho, maana mara nyingine kiwanja namba 14 cha mchoro wa kwanza ndicho namba 22 cha mchoro wa pili. Maofisa waliohusika huenda wamehamishwa, nao hufuatwa waliko. Tume ina uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, na bila uwezo huo kazi hii isingewezekana. Ukweli ukishapatikana, pendekezo linaweza kuwa kiwanja mbadala, fidia ya ujenzi uliokwishafanyika, au vyote viwili, pamoja na hatua za nidhamu kwa ofisa aliyezembea.

Mashauri mengi madogo hayahitaji kufika huko. Tume inaruhusiwa kusuluhisha, na simu moja kwa mkurugenzi wa halmashauri inaweza kufungua malipo ya stahiki za mtumishi yaliyokwama.

Panapobaki ugumu ni kwenye utekelezaji, kwa kuwa Tume hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Hilo lilijaribiwa mapema katika shauri la Nyamuma, wilayani Serengeti, ambako wakazi waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001 na nyumba zao kuchomwa moto. Waliolalamikiwa walikuwa maofisa wa Serikali Kuu, lakini funzo lake linaihusu kila halmashauri. Tume ilichunguza na kupendekeza wakazi hao walipwe fidia, Serikali ikakataa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda Mahakama Kuu kuomba utekelezaji, kikashindwa, kikakata rufaa. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa njia ya mahakama. Sheria ya mwaka 2001 yenyewe inaruhusu Tume kufungua shauri pale pendekezo lake linapopuuzwa. Mlango huo ni muhimu, ila unamrudisha mnyonge kwenye gharama na muda ule ule aliokuwa akiukimbia.

Uingereza imefuata njia nyingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1974 iliweka ofisi maalumu ya kuchunguza halmashauri za England, na mapendekezo yake pia hayana nguvu ya amri. Hata hivyo maamuzi yake huchapishwa bila majina ya walalamikaji lakini kwa jina la halmashauri. Ikitolewa taarifa ya maslahi ya umma, halmashauri hutakiwa kutangaza gazetini kwamba taarifa hiyo ipo, na kama haitaki kutekeleza mapendekezo, lazima suala lijadiliwe na baraza zima la madiwani. Halmashauri chache mno hufika hapo na kukataa. Tanzania tayari ina taarifa ya mwaka ya Tume inayowasilishwa Bungeni kupitia waziri. Hatua iliyobaki, nayo haihitaji bajeti kubwa, ni kila pendekezo dhidi ya halmashauri kusomwa katika kikao cha wazi cha baraza la madiwani na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata husika, pamoja na tarehe ambayo mkurugenzi anapaswa kuwa amelitekeleza.