Je, Dawa za Wagonjwa wa Akili Hulaza Tu?



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu nilikusudia kuwapitisha katika historia yote ya vipokezi vya dopamini na serotonini. Nia hiyo niliiacha baada ya kukaa katika kongamano moja ambapo mzungumzaji, msomi mwenye ulimi mtamu, alitueleza kwamba dawa wanazopewa wenye skizofrenia hazitibu kitu. Zinamlaza mgonjwa, basi. Akishalala, ndugu wanapumzika na daktari anaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nami nilipiga, kwa adabu tu.

Dai lenyewe lina mzizi, ndiyo maana halifi. Aliyewahi kumtembelea ndugu wodini amemwona akiburuta miguu, mate yakimtoka, akijibu salamu baada ya kitambo. Kutoka hapo kufikia imani kwamba usingizi ndiyo kazi yote ya dawa ni hatua fupi, na watu wengi waungwana wameipiga.

Sasa tuichukue promethazini. Wengi mnaijua kwa jina la Phenergan: ya mafua, ya mwasho, na ya mtoto asiyetulia kwenye basi la mkoani. Promethazini na klopromazini ni za ukoo mmoja wa kikemia, fenothiazini, na zote mbili zilitoka katika maabara za Rhône-Poulenc huko Ufaransa. Klopromazini iliundwa na Paul Charpentier mwishoni mwa 1950, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa wagonjwa wao wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Zote mbili zinalaza. Moja tu ndiyo inayonyamazisha sauti ambazo mgonjwa huzisikia peke yake. Kama usingizi ndio ungekuwa tiba, promethazini ingetosha na tungefunga mjadala.

Kisha iangalieni haloperidoli, iliyotoka kwa Paul Janssen huko Beerse, Ubelgiji, mwaka 1958. Miligramu chache zake hufanya kazi ambayo klopromazini huifanya kwa mamia ya miligramu, na bado inasinzisha kidogo kuliko klopromazini. Dawa kali zaidi kwa ugonjwa, nyepesi zaidi kwa usingizi! Mzungumzaji wetu hakuligusa jambo hili hata kwa ncha ya kidole.

Dawa hizi hutenda wapi, basi? Ya resepini nayapita haraka, kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa pili wanayajua: mmea wa Kihindi wa jamii ya Rauvolfia, dawa inayokausha dopamini na serotonini katika ubongo, na sungura wa Arvid Carlsson mwaka 1957, waliozubaa kwa resepini kisha wakazinduka kwa levodopa. (Wachaga wenzangu watafurahi kusikia kwamba msesewe, ambao magome yake hutia uchungu katika mbege, ni ndugu wa mmea huo. Naomba jambo hilo lisinukuliwe baa.) Carlsson na Margit Lindqvist ndio waliokuja na makala ya 1963: walionyesha kwamba panya wakipewa klopromazini au haloperidoli, ubongo wao huongeza mabaki ya dopamini na noradrenalini, na wakapendekeza kwamba dawa huziba vipokezi, na seli za neva, kwa kukosa jibu, huongeza bidii ya kutoa kemikali. Walijaribu na promethazini pia. Haikufanya hivyo. Lakini kipokezi chenyewe hakuna aliyekuwa amekishika.

Aliyekishika ni Philip Seeman wa Chuo Kikuu cha Toronto, na hapa mtanivumilia, kwa sababu makala zake za 1975 na 1976 nimezisoma mara nyingi kuliko barua za mahari yangu.

Jambo la kwanza la kuvutia ni kwamba Seeman alianzia upande wa mzungumzaji wetu. Alikuwa mtaalamu wa utando wa seli, na mwaka 1972 alichapisha mapitio marefu kuhusu jinsi dawa za nusukaputi na za kutuliza zinavyotenda kwenye utando huo. Maabara za wakati ule zilimwaga dawa kwa wingi juu ya seli, na kila kitu kiliyumba: utando, vimeng'enya, chembe nyekundu za damu. Yeye akauliza swali la muuza duka: mgonjwa aliyepata nafuu ana dawa kiasi gani hasa kwenye maji ya damu yake, ukiondoa ile iliyokwama kwenye protini? Jibu kwa haloperidoli lilikuwa nanomola 1 au 2. Kwa asiye mkemia, ni kama kuyeyusha gramu moja hivi katika bwawa zima la kuogelea la Olimpiki. Basi mlengwa wa dawa lazima awe kitu kinachoweza kuinasa katika uchache huo. Utando ulioyumba kwa kipimo kilichozidi hicho mara elfu hautuelezi lolote kuhusu mgonjwa.

Ili kukiona kitu hicho alihitaji haloperidoli yenye mionzi mikali kuliko iliyokuwapo. Akamwomba Janssen mwenyewe, nayo ikatengenezwa Ubelgiji. Tishu ya ubongo wa mnyama ikasagwa, dawa ya mionzi ikaongezwa, mchanganyiko ukachujwa, na kilichobaki kwenye karatasi ya chujio kikahesabiwa. Dopamini iliweza kuiondoa haloperidoli mahali pake, noradrenalini ilijitahidi, serotonini ilikuwa hoi kabisa. Kitu hicho kikajulikana baadaye kama kipokezi cha D2.

Halafu kuna butaklamoli. Molekuli hii ina sura mbili zinazotazamana kama kwenye kioo: atomi zile zile, uzito ule ule, na zote huyeyuka katika mafuta ya utando kwa kiasi kile kile. Moja hutibu, nyingine haitibu. Kwenye karatasi ya Seeman, ile inayotibu iliiondoa haloperidoli. Pacha wake alishindwa. Hapo nadharia ya utando ilizikwa, na ile ya usingizi ikaachiwa kaburi la jirani.

Mwaka 1976 ukaja mchoro. Upande mmoja wa mchoro kuna kipimo ambacho madaktari hutoa kwa siku. Upande mwingine, uchache wa dawa unaotosha kushika kipokezi. Nukta zikajipanga kwenye mstari. Mwaka huo huo Ian Creese, David Burt na Solomon Snyder wa Johns Hopkins, Baltimore, wakaupata mstari huo huo kwa njia yao. Na mwaka 1980 Stephen Peroutka na Snyder wakafanya jambo ambalo ningemsihi mzungumzaji wetu alisome mara mbili: wakazipima dawa hizo hizo kwenye vipokezi vya serotonini, vya alfa-adrenajiki na vya histamini. Uwezo wa kutibu haukufuatana na hata kimoja kati ya hivyo. Kuzibwa kwa vipokezi vya histamini ndiko usingizi wa dawa hizi unakotoka kwa sehemu kubwa.

Nikiwa bado mwanafunzi, niliitwa nyumbani kwa sababu ya binamu yangu, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali akiwa na vidonge vya haloperidoli. Nilimkuta shingo imepinda, macho yamegeukia juu, ulimi nje, huku shangazi ameshika Kurani na mjomba ameshamtuma mtu kwa mganga. Binamu hakuwa amelala hata chembe. Alikuwa macho, akinisikia, akilia. Tulimpatia benzeksoli, dawa ya kulegeza mkakamao, na jioni ile ile shingo ikanyooka. "Kumbe jini anaogopa kidonge," akasema shangazi, na sikumbishia.

Nalieleza hili kwa sababu madhara hayo yanatoka pale pale penye tiba, kwenye D2, na yana hesabu. Lars Farde na wenzake wa Karolinska, kwa picha za ubongo za mionzi, walionyesha mwaka 1988 kwamba vipimo vya kawaida vya dawa hizi huziba asilimia 65 hadi 85 ya vipokezi hivyo. Mwaka 2000 Shitij Kapur na wenzake wakaonyesha kwamba nafuu huongezeka kuanzia asilimia 65, na mkakamao huanza kupindukia 78. Wagonjwa wengine walilifikia lengo kwa miligramu chache tu. Anayeburuta miguu wodini mara nyingi amezidishiwa kipimo, na hilo tuna wajibu wa kulirekebisha. Halithibitishi kwamba dawa ni uongo.

Haki inanidai niseme yaliyo upande wa pili. Theluthi moja hivi ya wagonjwa hawapati nafuu ya maana kwa dawa hizi. Klopromazini iliposhindanishwa na klozapini, dawa ya kundi jipya, kwa wagonjwa sugu, katika utafiti wa John Kane wa 1988, ilisaidia asilimia 4, na klozapini 30. Herbert Meltzer akasema siri ni serotonini: ziba kipokezi chake cha 5-HT2A kwa nguvu kuliko D2. Ni wazo zuri, lakini amisulpridi haigusi 5-HT2A kwa kiasi cha maana, na bado inatenda kama dawa za kundi jipya. Kapur na Seeman walijibu mwaka 2001 kwamba klozapini huishika D2 kisha huiachia upesi. Seeman mwenyewe aliteleza: dai lake la 1993 kwamba D4, kipokezi kingine cha dopamini, kimeongezeka mara 6 kwenye ubongo wa wenye skizofrenia wenzake hawakulithibitisha. Na Septemba 2024 Marekani iliidhinisha zanomelini pamoja na trospiamu, dawa ambayo haizibi D2 hata kidogo. Hutenda kwenye vipokezi vya muskarini.

Wenzangu vijana wamenipelekea habari hiyo kwa furaha isiyofichika. Nimeisoma. Nimesoma pia kwamba kwa wanyama, kuviamsha vipokezi hivyo hupunguza dopamini inayotolewa, yaani mto unazibwa juu zaidi. Nileteeni molekuli inayonyamazisha sauti bila kuigusa dopamini, juu wala chini ya mto, kwa kipimo kilichopimwa kwenye maji ya damu ya mgonjwa, nami nitabadili silabasi ya muhula ujao. Kwa sasa inaanza na Seeman, 1975.